Kota zikivunjwa, nani anarudi?

Kota nyingi, yaani nyumba za zamani za taasisi za umma, zilizo karibu na katikati ya jiji zimekaa kwenye viwanja ambavyo sasa vina thamani kuliko nyumba zenyewe. Wanaoishi humo wanalijua hilo, na akionekana tu mtu mwenye tepu ya kupimia, mtaa mzima unaanza kuulizana. Maswali haya yametoka kwa wasomaji wa Dar es Salaam. Anayejibu ni mtaalamu wetu wa mipangomiji.

Kwa nini kila mara ni kota zinazolengwa, wakati Kariakoo na Ilala kuna nyumba za watu binafsi zilizochakaa zaidi?

Kwa sababu kota ina mwenye ardhi mmoja. Ukitaka kuunganisha viwanja kumi vya watu binafsi, unakaa na wamiliki kumi, na nyuma ya kila mmoja kuna ndugu wanaogombea mirathi. Mmoja akikataa, umekwama. Kota ipo mikononi mwa halmashauri, wizara au shirika la umma, na kikao kimoja kinatosha kuamua.

Kisha angalia zilivyojengwa: nyumba za chini, uwanja mpana, enzi ambazo jiji lilikuwa dogo. Leo Magomeni, kwa mfano, iko ng'ambo tu ya bonde la Jangwani ukitoka Kariakoo, na tangu 2016 mabasi ya mwendokasi yanapita Barabara ya Morogoro. Kuacha ardhi kama hiyo ibaki na nyumba za chini ni kuifuja. Nasema hivyo nikiwa upande wa wakazi, maana jiji lisilopanda juu huwasukuma watu wa kipato kidogo hadi Chanika na Mbagala, ambako nauli inakula mshahara.

Magomeni Kota ilifanikiwa. Kwa nini kota nyingine zisifuate njia hiyohiyo?

Ilifanikiwa, lakini tazama kwa njia gani. Familia 644 zilikuwa wapangaji wa Manispaa ya Kinondoni. Waliondolewa, nyumba zikavunjwa, kiwanja kikabaki kitupu kwa miaka. Oktoba 2016 Rais John Magufuli alifika pale, akaagiza ujenzi, akaahidi kwamba wakazi wale watarudi, watakaa miaka mitano bila kulipa kodi, kisha watauziwa. Wakala wa Majengo Tanzania (TBA) ukajenga, na tarehe 23 Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua nyumba 656.

Toa 644 kwenye 656, zinabaki 12. Maana yake karibu kila nyumba ilikuwa ya mtu aliyetoka pale, na zilizobaki kuuzwa au kupangishwa kwa wengine ili kurudisha fedha za ujenzi zinahesabika kwa vidole. Mzigo ukabebwa na Serikali. Kwa familia zile lilikuwa jambo la haki kabisa. Lakini halmashauri isiyo na Rais wa kuisukuma wala fungu la hazina haiwezi kujenga kwa hesabu hiyo.

Nairobi, pale Pangani, walichukua njia nyingine. Familia zilizokuwa kwenye nyumba za zamani za kaunti zilikuwa 48 tu, kila moja ikapewa shilingi 600,000 za Kenya ikapange kwingine, na mpango ukawa kujenga nyumba zaidi ya 1,500 kwa ubia na kampuni binafsi. Zile za ziada ndizo zinazomlipa mjenzi. Hesabu inafunga, ila mtaa unabeba watu wengi kwa mkupuo, na mabomba ya maji taka ya zamani hayakutandazwa kwa ajili yao. Kiwanja chetu kinachofuata kinahitaji kitu cha katikati: waliokuwepo warudi wote, na juu yao zijengwe nyumba za kutosha kulipia mradi.

Somo kubwa la Magomeni ni muda. Kati ya kuondoka na kurudi ilipita karibu miaka kumi. Mtoto aliyehama akiwa shule ya msingi alirudi mtu mzima, na wapo wazee ambao hawakurudi.

Mimi ni mpangaji tu. Sheria inanilinda?

Kidogo kuliko unavyodhani. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iliyo kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Kanuni za 2001 zikaongeza posho ya usumbufu, posho ya makazi inayopigwa kwa kodi ya miezi 36, na gharama ya kusafirisha mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20. Lakini fidia hiyo inamfuata mwenye haki juu ya ardhi, naye kwenye kota ni taasisi. Wewe unacho mkataba wa upangaji, pengine uliokwisha muda zamani na unaendelea kwa mazoea. Kwa hiyo haki yako ya kurudi itatoka kwenye karatasi mtakayosaini kabla ya kuhama. Ahadi iliyotolewa kwenye kipaza sauti utahangaika sana kuisimamisha mahakamani.

Jina lililopo kwenye leja ni la mama yetu, na ameshafariki. Humo tumo watoto watatu, na chumba kimoja tumempangisha mtu. Nani ataandikwa?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, na ndipo miradi hii inapowaumiza watu kimyakimya. Fomu ya uhakiki wa wakazi kwa kawaida ina mstari mmoja kwa kila nyumba: jina la mpangaji, namba ya nyumba, idadi ya wanakaya, namba ya simu, sahihi. Mstari mmoja, wakati ndani ya nyumba kuna kaya mbili au tatu. Anayekuwepo siku karani anapopita ndiye anayesaini, na miaka kadhaa baadaye karatasi ile inamfanya awe mwenye nyumba peke yake. Ndugu wanafikishana mahakamani kwa sababu ya alasiri moja.

Msingoje karani. Tafuteni cheti cha kifo cha mama, kaeni kikao cha ukoo, muandike muhtasari, mwende Mahakama ya Mwanzo mkafungue mirathi na kumthibitisha msimamizi. Jina liingie kwenye orodha hivi: msimamizi wa mirathi ya marehemu, kwa niaba ya watoto watatu wanaotajwa. Kama nafasi haitoshi, ambatanisheni karatasi ya pili na mgongewe mhuri wa serikali ya mtaa kwenye nakala yenu.

Huyo mpangaji wenu naye ni mtu. Kwenye orodha nyingi hayumo kabisa, anaondoka na godoro lake bila senti. Mradi unaomlipa mhandisi mshauri unaweza kumlipia mtu huyo gari la mizigo na kodi ya miezi michache.

Tukirudi ghorofani, maisha yatakuwa ya gharama kiasi gani?

Ulizeni kuhusu LUKU ya jengo. Nyumba yako ina mita yako, lakini lifti, taa za ngazi na pampu inayopandisha maji kwenye matangi vinatumia mita ya pamoja. Umeme wa mita ile ukiisha, pampu inasimama, na mama wa ghorofa ya saba anashuka na ndoo. Kuna pia walinzi, usafi, kunyonya maji taka pale ambapo jengo halijaunganishwa na mtandao wa DAWASA, na fundi wa lifti.

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008 inaruhusu kila mmoja kuwa na hati ya sehemu yake huku maeneo ya pamoja yakisimamiwa na chama cha wamiliki. Chama kianze mapema, kiwango cha mchango kijulikane kabla hamjapewa funguo. Aliyezoea kukaa kota kwa kodi ndogo anaweza kushindwa na mchango huo wa kila mwezi hata kama nyumba amepewa bure.

Sisi ni majirani wa kiwanja. Tuhofie?

Chimbo refu kando ya ukuta wenu ni la kuhofia. Jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya jiji tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, na Kariakoo ikashuhudia jengo lingine likiporomoka tarehe 16 Novemba 2024. Someni kibao cha mradi: mkandarasi, mhandisi na mbunifu wote lazima wawe wamesajiliwa na bodi zao. Pigeni picha kuta zenu, zikiwa na tarehe, kabla kazi haijaanza. Ufa mpya ukitokea, pelekeni taarifa kwa mhandisi wa manispaa kwa maandishi.

Tumeitwa kikao Jumamosi, tunaambiwa tusaini hapohapo. Tufanyeje?

Nendeni wote, sikilizeni, msisaini siku hiyo. Ombeni nakala mkae nayo wiki mbili, na mchangiane fedha za wakili mmoja. Kwenye karatasi tafuteni orodha ya majina, ukubwa wa nyumba mtakayorudishiwa, kodi mtakayolipiwa mkiwa nje, tarehe ya kurudi, na kiasi mtakacholipwa kila mwezi tarehe hiyo ikipita. Kama tarehe ya kurudi haimo, msihame.