KUHESABU GHARAMA YA VITA

Kusoma: Luka 14:28-32



Katika maneno tuliyosoma, Bwana Yesu anasema juu ya mfalme anayetaka kwenda vitani. Kabla ya kutoka anakaa chini kwanza, anahesabu. Leo tukae chini, tuhesabu vita moja iliyopita katika inchi yetu: Vita Kuu ya kwanza, tangu 1914 mpaka 1918. Wengi wanafikiri ilikuwa vita ya Ulaya tu. Sivyo.

1. Namna vita ilivyofika kwetu

Wakati ule Wajerumani walitawala Tanganyika, Rwanda na Burundi, na Wabeleji walitawala Kongo. Mwezi wa 8, 1914, Wajerumani walishambulia bandari ya Lukuga, pande za Kalemie ya leo. Mwezi wa 9 wakakamata kisiwa cha Idjwi katika ziwa Kivu. Mwaka wa 1916 askari wa Force Publique, chini ya Jenerali Tombeur, wakavuka mpaka. Mwezi wa 5 wakaingia Kigali, na tarehe 19 mwezi wa 9 wakaingia Tabora. Wabeleji walijivunia sana ushindi huo.

2. Nani alibeba mzigo?

Askari hatembei bila chakula, na bunduki haipigi bila risasi. Barabara za motokari zilikuwa haba, na farasi na ng'ombe waliuawa na ugonjwa wa mbung'o. Basi mzigo uliwekwa juu ya kichwa cha mtu. Wapagazi waliotumiwa na jeshi la Wabeleji katika vita ile walihesabiwa karibu 260,000, hesabu inayowapita askari mara nyingi.

Wengi walichukuliwa vijijini kwa nguvu. Watu wa mabonde ya joto walipandishwa milima ya baridi, nguo zao chache, chakula chao kigeni. Risasi iliua wachache kati yao. Kuhara damu, nimonia na uchovu viliua maelfu. Majina ya majenerali yaliandikwa. Majina ya wapagazi, mengi hayakuandikwa.

Mzee mmoja wa kanisa letu alituambia kwamba babu yake alikwenda na mzigo wa askari, hakurudi. Jamaa walimngoja. Kwa sababu hakuna aliyeleta habari ya kifo, hawakukaa matanga. Mwishoni walimpa mtoto jina lake, lisipotee. Mpaka leo hawajui kaburi liko wapi.

3. Deni lililobaki

Jeshi la mwisho la Wajerumani lilitoa silaha tarehe 25 mwezi wa 11, 1918, kule Abercorn, ambako leo ni Mbala katika Zambia. Lakini vita haikuishia pale.

Pahali wanaume wamechukuliwa na chakula kimenyanganywa, njaa inafuata. Rwanda iliona njaa ya Rumanura. Katika Ugogo, Tanganyika, watu waliona njaa ya Mtunya. Kisha homa kubwa ya mafua ya 1918 na 1919 ilikuta miili iliyokwisha kudhoofika.

Tena kulikuwa deni lingine. Katika 1917, kwa sababu ya mahitaji ya vita, serikali ya Wabeleji ilianza kulazimisha wanakijiji wa Kongo kulima mazao iliyoyataka. Vita ikaisha, kazi ya lazima ikabaki. Vita Kuu ya pili ilipofika, katika 1942, siku za kazi hiyo zikapandishwa kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Watoto wa wapagazi walilipa, na wajukuu wakalipa tena.

4. Fundisho kwetu

Mfalme wa mfano ule alihesabu askari. Sisi tumeona kwamba hesabu ya askari haitoshi. Tuhesabu na mpagazi, na mjane, na shamba lisilolimwa, na mtoto atakayelipa deni asilolijua. Anayeita vita mara nyingi silye anayebeba mzigo wake.

Sisi wa mashariki ya Kongo tunajua neno hili kwa miili yetu. Basi kijana akiitwa kushika bunduki na kuahidiwa ushindi wa haraka, wazazi wasinyamaze. Wamketishe chini kwanza, wahesabu pamoja naye.

Na hao waliokwenda wasirudi, tusiwaache bila jina. Kila jamaa iulize wazee wake wangali hai, iandike katika daftari: nani alikwenda, alitoka kijiji gani, nani alimngoja.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika jamaa yako, nani alichukuliwa kubeba mizigo ao kufanya kazi ya lazima?
2. Kwa nini deni la vita linapita umri wa wale waliopigana?
3. Tutamwambia nini kijana anayetaka kwenda vitani?

Mungu wa amani awe pamoja nanyi nyote.