Mama, sababu gani wanapima sana mbele ya kukutibu?

Wakaaji wa Butembo na Beni wakitafuta matibabu ya mionzi kwa kansere ya mlango wa tumbo la uzazi, njia moja ni ile ya kuvuka Kasindi kwenda Kampala, kwenye Uganda Cancer Institute, iliyoanza mwaka 1967. Huko mgonjwa anaweza kungoja na kusema: "Wanapima tu, hawanitibu!" Lakini kupima kule kunamlinda.

1. Matibabu ya ndani ni nini?
Mionzi ni nguvu isiyoonekana kwa macho, inayoua kansere. Mara nyingi mgonjwa anapata kwanza mionzi kutoka nje. Kisha munganga anaingiza mirija myembamba ndani ya uke na tumbo la uzazi. Mashini inasukuma ndani yake mbegu ya mionzi, ndogo kuliko punje ya mchele, iliyofungwa kwenye waya. Mbegu inasimama kidogo, inasogea milimeta chache, inasimama tena. Ikimaliza, inarudi ndani ya mashini.

2. Sababu gani mahali pake panapimwa?
Fikiri moto wa makala. Karibu unachoma, mbali kidogo unapasha tu. Ukiwa mbali na mbegu mara mbili, nguvu yake inabaki karibu robo. Kibofu kiko mbele, njia ya haja kubwa iko nyuma. Mbegu ikisimama pabaya, kansere inaweza kupona, na kibofu kuungua.

3. Wanapima namna gani?
Mbele ya mgonjwa kuingia, mafundi wanalaza mrija juu ya filimu na kutuma mbegu ndani. Kila iliposimama, alama nyeusi inabaki. Wanalinganisha alama na mahali walipopanga. Tofauti isipite milimeta 1 ao 2. Wanapima tena kila mbegu inapobadilishwa, maana mbegu ya iridiamu inapoteza nusu ya nguvu yake kwa siku 74.

Mwaka 1992, mjini Indiana, jimbo la Pennsylvania, Marekani, mbegu ilikatika ikabaki mwilini mwa mgonjwa. Hakuna aliyempima kwa kifaa cha mkono, naye akafa. Ndiyo sababu sharti upimwe pia mbele ya kutoka chumbani.

4. Wewe mama ufanye nini?
– Ulale bila kusogea. Mirija ikisogea, vipimo vyote vinaharibika.
– Ukisikia maumivu, uite. Uko peke yako chumbani, lakini wanakuona na kukusikia.
– Usiache matibabu katikati. Urudi kila siku waliyokupangia.
– Mbegu ikisha kutoka, hakuna mionzi mwilini mwako. Unaweza kupakata mtoto wako.

Kumbuka: damu isiyo ya mwezi, damu kisha kukutana na bwana, ao uchafu unaonuka, si mambo ya kuficha. Uje kiliniki upesi, usingoje maumivu.