Agizo na Mkate Viende Pamoja

Somo la vikundi vya nyumbani. Soma kwanza: Hesabu 12:9–16, Yakobo 2:14–17.



Nawaomba mfungue Biblia mahali ambapo wengi wetu hupapita haraka. Msiendelee na makala hii kabla hamjasoma sehemu zote mbili. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi wangu wa ualimu chuoni, na walioruka kusoma niliwatambua kwa majibu yao.

Habari ya Miriamu twaijua. Alimnung'unikia Musa, akapatwa na ukoma, akatengwa nje ya kambi siku saba. Wahubiri wengi hukaa juu ya kosa lake na kuishia hapo. Mimi nataka tuutazame mstari wa 15, hasa kipande chake cha mwisho. Mama yule alipokuwa nje, watu hawakusafiri. Hema, mifugo, watoto, safari yenyewe ya kwenda nchi ya ahadi, vyote vilisimama juma zima kumngoja mgonjwa mmoja. Sheria ya kutengwa ilishikwa sawasawa, wala hakuna aliyesema kwamba kwa kuwa ni dada yake Musa basi arudishwe mapema. Lakini aliyetengwa hakuachwa. Naye Yakobo atuonya ya kwamba mwenye njaa akiambiwa maneno mazuri na kuachwa aende zake bila kupewa kitu, maneno yale hayakumfaa lo lote.

Swali letu basi ni hili. Likija gonjwa la kuenea dunia nzima, na wakubwa wa mtaa, wa kata na wa kaunti wakatuagiza tukae nyumbani na tusikusanyike, ni nani wa kuangalia kwamba anayelitii agizo hafi njaa? Na sisi tulio kanisa tuna sehemu gani katika kazi hiyo?

Kabla ya kuyatazama ya kwetu, niwapeleke mbali kidogo, katika parishi moja ya Kianglikana iliyopata mtihani huu zamani. Huko Uingereza, katika Derbyshire, kuna kijiji kiitwacho Eyam. Mwezi Septemba 1665 nguo zilizotoka London zilifika kwa mshonaji wa kijiji hicho, zikiwa na viroboto wenye tauni. Aliyezifungua alikufa baada ya siku chache, na baada yake wengine wakafuata. Mwaka uliofuata, mwezi Juni, kasisi wa kijiji, William Mompesson, aliona ya kwamba watu wakikimbilia miji ya jirani watayaeneza mauti. Akawaomba wajifungie wenyewe ndani ya mipaka ya kijiji chao.

Lakini Mompesson alikuwa kijana, na mgeni; alikuwa amefika mwaka 1664 tu, na watu hawakumpenda sana. Aliyependwa alikuwa Thomas Stanley, kasisi wa kwanza, aliyeondolewa kwa sababu hakukubali Kitabu cha Sala. Kwa maneno mengine, mmoja alikuwa na cheo na mwingine alikuwa na masikio ya watu. Wangeweza kugombana, na sababu walikuwa nayo. Badala yake walisimama pamoja mbele ya wanakijiji, na wanakijiji wakakubali.

Haya yote husimuliwa mara nyingi. Lisilosimuliwa sana ni kwamba Mompesson hakuja na agizo peke yake. Alikwisha kupatana na Earl wa Devonshire, tajiri mwenye jumba la Chatsworth karibu na hapo, kwamba wakijifungia wataletewa chakula na mahitaji mengine. Vyakula viliwekwa mpakani. Palikuwa na jiwe lenye matundu, na humo sarafu za kulipia zilitiwa katika siki ili kuzisafisha. Ibada zilihamia nje, bondeni, kila jamaa ikisimama mbali na nyingine. Kila nyumba ilizika wafu wake wenyewe. Mama mmoja aliwazika mume na watoto sita katika muda wa siku nane. Mke wa Mompesson naye alifariki mwezi Agosti 1666. Tauni ilipokoma mwezi Novemba walikuwa wamekufa watu wapatao 260.

Wataalamu hata leo hubishana kama kujifungia kule kuliwazidishia vifo wenyewe wa Eyam. Inawezekana. Mimi sitaki tuwafanye malaika. Nataka tuone tu kwamba walikaa miezi mingi ndani ya mpaka usio na ukuta, nao wasingekaa hata majuma mawili kama mkate usingefika kwenye lile jiwe.

Pia mjue kwamba Uingereza ya siku zile parishi ndiyo iliyokuwa serikali ya mahali. Kwa sheria ya mwaka 1601 wazee wa kanisa na wasimamizi wa maskini walikusanya kodi ya kuwalisha wasiojiweza. London, mwaka huo wa 1665, nyumba yenye tauni ilifungwa na kuchorwa msalaba mwekundu mlangoni, na mlinzi akawekwa nje. Mlinzi yule hakuwekwa kuzuia tu. Alitakiwa pia kuwatafutia waliofungiwa mahitaji yao. Palipokosekana msaada, watu waliwaficha wagonjwa wao au walitoroka usiku.

Sasa turudi kwetu. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa Korona tarehe 13 Machi 2020. Kuanzia tarehe 27 mwezi huo watu walikatazwa kutoka nje tangu saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo ya kwanza sisi wa Pwani tuliona jambo la kutia uchungu pale kivukoni Likoni. Wafanyakazi walitakiwa wawe nyumbani kabla ya saa moja, lakini feri haikuweza kuwavusha wote kwa wakati. Walirushiwa moshi wa kutoa machozi, wengine wakapigwa. Siku chache baadaye Rais aliomba radhi. Agizo lenyewe halikuwa baya, ila hakuna aliyekaa na kuhesabu watu ni wangapi, na feri ni ngapi.

Msaada usiopangwa nao una hatari yake. Mwezi Aprili, huko Kibera, Nairobi, chakula kilipogawiwa watu walisukumana na kukanyagana, wengine wakaumia. Ndiyo maana ilionekana afadhali vyakula vipelekwe nyumba kwa nyumba, kwa orodha. Basi nani aandike orodha?

Hapa sina budi kuungama. Mwezi ule ule wa Aprili mzee wa mtaa wetu alinijia nyumbani. Alisimama chini ya ngazi ya baraza, barakoa usoni, akaniomba nimwandikie nyumba zenye shida upande wetu, kwa kuwa mimi ni mwalimu na najua watu. Nilifurahi kuombwa. Nikachukua kitabu cha waumini, nikaketi mezani, kabla ya magharibi orodha ikawa tayari, kwa mwandiko safi.

Mwezi Mei jirani yangu mmoja, mama Mwislamu, aliniita kutoka uani kwake. "Shikamoo, Mwalimu. Mbona yule mama wa chumba cha nyuma hamkumwandika? Leo siku ya tatu watoto wanakunywa uji mtupu." Nilimjua aliyemsema. Alikuwa mpangaji, akiuza viazi karai njiani kila jioni, na biashara ya jioni ndiyo iliyouawa na amri ya saa moja. Nikajitetea kwamba hakuja kusema. Jirani akanijibu, "Angekuja wapi, na kanisa limefungwa?"

Tulipomwendea tulikuta jambo la pili. Mama yule alikuwa akikohoa, naye alikuwa amejificha. Siku zile waliowekwa karantini ya lazima walidaiwa gharama za kukaa huko, na habari hiyo ilikwisha kumfikia. Mwezi huo huo wa Mei serikali ilikubali kuzibeba gharama hizo yenyewe, lakini hofu haiondoki kwa tangazo la redioni. Unga, maharagwe na mafuta vilimfikia, na mhudumu wa afya akamtembelea mpaka kikohozi kikapungua. Mwaka uliofuata alihama. Sikuwahi kumwambia kwamba aliyemsahau ni mimi.

Nimeandika haya kwa sababu kosa langu si la mtu mmoja. Tunawajua walio katika vitabu vyetu. Gonjwa halina kitabu hicho. Mambo ya Walawi 13 yaonyesha kuhani akimwangalia kila aliyeshukiwa kuwa na ugonjwa. Hakungoja sadaka yake kwanza.

Kuna agizo jingine la kutazamwa kwa macho hayo. Mwezi Juni 2020 Wizara ya Afya ilikubali wagonjwa wasiozidiwa watunzwe nyumbani, kila mgonjwa akae chumba chake peke yake. Ni agizo zuri kwa mwenye nyumba ya vyumba vitatu. Lakini nyumba zetu za Kiswahili mwazijua: vyumba sita, kila chumba jamaa, ukumbi mmoja katikati, choo kimoja uani. Mgonjwa atakaa wapi? Katika hali hiyo mwenye nyumba kubwa, au parishi yenye ukumbi uliofungwa juma zima, yaweza kuwa jibu ambalo serikali haina. Ilipofika Julai, makanisa yaliporuhusiwa tena kufunguliwa kwa watu wasiozidi 100 na kwa muda wa saa moja tu, sisi tuliopita miaka 58 tuliambiwa tubaki nyumbani, pamoja na watoto wasiotimiza 13. Naungama tena: nilinuna. Mpaka kijana mmoja wa kwaya alipoanza kunipigia simu kila Jumapili alasiri kunisomea matangazo, nami nikaona kwamba kutengwa kwaweza kubebeka pale mtu anapokumbukwa kwa saa yake.

Sasa, tuligonge lango lipi? Wengi hawajui, na wakati wa gonjwa hakuna nafasi ya kujifunza. Kwa Katiba ya mwaka 2010 zahanati, vituo vya afya, magari ya wagonjwa, afya ya msingi na makaburi ni kazi ya kaunti. Chifu na naibu wake ni watu wa serikali ya taifa, na wazee wa mtaa na wa nyumba kumi hufanya kazi chini yao. Mwakilishi wa wadi ni wa bunge la kaunti. Kwa hiyo ukiwa na mgonjwa, mwite mhudumu wa afya ya jamii au nenda zahanati. Ukiwa na nyumba yenye njaa, mwone mzee wa mtaa na chifu, na habari hiyo hiyo uifikishe ofisi ya wadi, isije kila upande ukadhani mwenzake amekwisha kushughulika. Tangu mwaka 2023 wahudumu hao wa afya ya jamii wametambuliwa upya, nao hulipwa posho, kila mmoja akiwa na nyumba zipatazo 100. Je, wamjua wa kwenu kwa jina? Mimi nilikuwa simjui.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya dharura ya Korona imekwisha. Hapa Kenya walioandikwa kufa kwa ugonjwa huo wamepita 5,600, na kila mmoja wetu ana jina lake ndani ya hesabu hiyo, au nje yake.

Katika kikundi, jadilianeni haya. Kwa nini safari ya Israeli ilisimamishwa, badala ya kumwacha Miriamu na walinzi wachache wamfuate baadaye? Katika mtaa wenu, nani ana cheo na nani ana masikio ya watu, na je, hao wawili huongea? Ni kazi zipi hapa kwetu ambazo mtu akikosa siku mbili, nyumbani hakupikwi? Akina mama wa Umoja wa Akina Mama wajibu swali hili la mwisho kwanza, kwa kuwa wao huingia majikoni sisi wanaume tusikoingia.

Kisha kila kikundi kipite njia yake, kiandike nyumba kwa nyumba na chumba kwa chumba, Mkristo na Mwislamu, mwenye nyumba na mpangaji: wazee wanaokaa peke yao, walemavu, wajawazito, na wanaokula kwa kazi ya siku. Msitumie kitabu cha waumini. Orodha ipelekwe kwa karani wa parishi, naye mzee wa mtaa apewe nakala. Vyumba vya nyuma visisahauliwe.