Je, Kuna Kinachoishinda Nuru kwa Mbio?

Katika vitabu vya hadithi na michezo ya sinema twaona vyombo vya angani vikitoka nyota hii na kufika nyota ile kwa muda mchache. Katika mchezo wa Star Trek, ulioanza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966, chombo chaipita nuru mara nyingi kwa mbio, na nahodha hana kazi ila kutoa amri. Je, jambo hili lawezekana? Yafaa tulitazame kwa taratibu.

Wengi katika watu wa kale walidhani kuwa nuru haina safari: taa ikiwashwa, mwangaza umekwisha fika. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufia Misri katika karne ya 11, alishika kuwa nuru hutumia muda, ijapokuwa jicho haliutambui. Mwaka 1676 Ole Rømer, mtaalamu wa Denmark, alipata ushahidi kwa kuangalia kupatwa kwa mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii: dunia ilipokuwa mbali na sayari hiyo, khabari ya kupatwa ilichelewa kufika.

Leo twajua kuwa nuru hukata kilomita 299,792 kwa sekunde moja. Kutoka kwenye jua hutufikia kwa dakika 8 na ziada. Lakini kutoka kwenye nyota iliyo karibu nasi kabisa baada ya jua, husafiri zaidi ya miaka 4. Ndiyo sababu watungaji wa hadithi huipita nuru kwa kalamu. La sivyo, mabaharia wao wangezeekea njiani.

Mwaka 1905 Albert Einstein alibainisha kuwa hapana kitu chenye uzito kiwezacho kuzifikia mbio za nuru. Kila kinapozikaribia, huhitaji nguvu zaidi na zaidi, na kuzifikia kwataka nguvu zisizo na mwisho.

Basi mnamo Septemba 2011 ikatoka khabari ya kushtusha. Wataalamu wa jaribio liitwalo OPERA walitangaza kuwa chembe ndogo mno ziitwazo nyutrino, zilizopelekwa chini ya ardhi kutoka CERN, karibu na Geneva, hadi maabara ya Gran Sasso katika Italia, mwendo wa kilomita 730, zimeonekana kuitangulia nuru. Sekunde moja ikigawanywa mafungu bilioni moja, zilitangulia kwa mafungu 60. Wapo waliopiga mbiu kuwa Einstein ameanguka. Lakini wenye kipimo wenyewe hawakujivuna. Waliiweka kazi yao wazi na kuwaomba wenzao waichungue.

Wenzao wakakumbusha jambo la mwaka 1987. Nyota ya mbali ilipoonekana kulipuka, nyutrino zake zilifika saa chache tu kabla ya nuru, kwa kuwa nuru hukawia kutoka ndani ya nyota inayolipuka. Safari hiyo ilikuwa ya miaka yapata 168,000. Lau nyutrino zingekuwa na mbio zile zilizodaiwa, zingetangulia kwa miaka kama 4.

Mwaka 2012 kosa likafichuka: waya wa kioo upitishao mwangaza, ulioleta majira ya saa kwenye mashine, haukukazwa barabara. Jaribio jingine, ICARUS, katika maabara iyo hiyo, likapima na kukuta kuwa nyutrino haziipiti nuru.

Umebaki mlango mmoja wa hisabu. Mwaka 1994 Miguel Alcubierre wa Meksiko alionyesha namna anga yenyewe ingeweza kufinywa mbele ya chombo na kutanuliwa nyuma yake. Lakini hisabu hiyo yataka nguvu iliyo chini ya sufuri, kwa kiasi ambacho hapana aliyekipata.

Hadithi na zisomwe, kwani huamsha fikira. Lakini tusichanganye kilichotungwa na kilichopimwa. Wataalamu wale waliletewa jambo la ajabu. Hawakulipokea kwa uajabu wake, wala hawakulitupa kwa ugeni wake. Walilipima, wakalipima tena, mpaka waya mmoja uliolegea ukaonekana. Nasi kila siku twaletewa khabari kubwa sokoni na mabarazani, tukazipeleka mbele kabla ya kuuliza nani kazipima. Tuulize kwanza.