Alama za Mashine juu ya Ubao

Ubao ukitoka msumenoni huwa na miparuzo. Seremala huulainisha kwa randa ya mkono. Penye kazi nyingi hutumia mashine ya kurandia. Ndani ya mashine hiyo mna mhimili wa chuma wenye visu viwili au vitatu, nao huzunguka mbio sana. Rola moja huusukuma ubao kuingia, na rola ya pili huuvuta kutoka.

Pengine ubao hutoka na kasoro. Fundi mjinga huurudisha mashinenina kuuranda tena na tena. Fikirini: ubao wa milimeta 27 unaotakiwa kubaki 25 una milimeta 2 tu za kupoteza, pande zote mbili pamoja. Zikiisha, ubao umeharibika. Na kama ni wa afromosia, ule mti wa thamani wa misitu ya Kisangani, basi hasara ni kubwa. Mti huo hukua polepole mno, na tangu mwaka 1992 mataifa yamepatana kwamba mbao zake zisiuzwe ng'ambo pasipo cheti. Kwa hiyo fundi mwenye akili huisoma alama kwanza.

Tazameni mstari mwembamba ulioinuka, tangu mwanzo wa ubao hata mwisho. Maana yake kisu kina pengo; palipo na pengo hapakati. Kisu kimegonga msumari, au jiwe. Jiwe ndani ya mti? Ndiyo! Mvule, ambao wafanya biashara wa Kongo huuita kambala, huweza kuwa na jiwe la chokaa ndani yake. Fundi husogeza kisu kimoja upande kidogo, ili kikate palipoachwa na kingine. Lakini dawa kamili ni kunoa.

Namna ya pili ni vishimo vidogo. Hapa hesabu yenu ya darasani inafaa kweli. Pimeni toka kishimo hata kishimo. Rola yenye kipenyo cha sentimeta 7 ina mzingo wa 7 × 22/7, yaani sentimeta 22. Vishimo vikirudi kila sentimeta 22, mkosaji ni rola hiyo: utomvu au kipande cha mti kimeigandia. Vikitapakaa ovyo, ni maranda yaliyobanwa kati ya rola na ubao, kwa kuwa njia yake ya kutokea imeziba.

Ncha ya ubao ikiliwa kuliko katikati, ubao uliinama. Msaidizi aushike vizuri.

Nyuzi zikiwa zimeng'oka, ubao uliingia kinyume cha nyuzi zake. Ugeuzeni, ncha ya nyuma itangulie. Ila mti wa sapeli ni mkaidi: nyuzi zake hulala huku na huku kwa zamu, hata ukigeuza hupati faida nyingi. Huo wataka visu vikali sana, na kukata kidogo kidogo, nusu milimeta kila mara.

Kabla ya kufungua mashine, fundi huzima umeme, huchomoa waya, na kungoja mpaka mhimili usimame kabisa. Visu huendelea kuzunguka baada ya kuzimwa, wala havichagui kati ya mti na kidole.

MASWALI
1. Mstari ulioinuka hutoka wapi?
2. Rola ina kipenyo cha sentimeta 14. Vishimo vyake vitarudi kila sentimeta ngapi?
3. Kwa nini sapeli ni vigumu kurandwa?