Ukitafuta Ukoo Wako wa Chidya, Anza kwa Mama: Wapi Zilipo Karatasi za Koo za Masasi na Newala

Mwaka 1509 Mfalme Manuel I wa Ureno, yule ambaye meli zake ziliishambulia Kilwa mwaka 1505, aliandaliwa na João do Cró kitabu cha nembo za wafalme na za koo kubwa za Ureno: ngao zenye simba, tai na minara, kila moja na rangi zake. Kitabu hicho kinatunzwa mpaka leo katika nyaraka za Torre do Tombo, Lisbon. Kwetu, kuanzia Chidya ya Masasi hadi Newala, ukoo haukuchorewa ngao. Ulikuwa na jina. Wamakua huuita nihimo, Wamakonde litawa, Wayao lukosyo. Jina hilo lilizuia ndoa za watu wa ukoo mmoja, na lilimpa msafiri mwenyeji hata akiwa mbali na kwao. Watu wengi hudhani habari hizi zimebaki vichwani mwa wazee tu. Sivyo. Nyingi ziliandikwa, na mtu mwenye subira anaweza kuzipata.

Kazi ianzie nyumbani, na ianzie kwa mama. Ukoo katika makabila haya matatu hufuata upande wa mama, kwa hiyo baba yako ni wa ukoo mwingine, na watoto wa mjomba wako hali kadhalika. Fomu za shule na vitambulisho hudai jina la baba na la babu. Ukilifuata hilo peke yake, kila kizazi unachopanda utakuwa umehamia ukoo mwingine bila kujua. Muulize bibi mzaa mama, kisha mjomba: mama wa bibi alikuwa wa ukoo gani, alizikwa wapi, ndugu zake wa kike walikuwa akina nani, na wazee walivuka Ruvuma wakitokea upande gani. Rekodi sauti kwa simu, lakini andika pia, maana simu hupotea. Jina la ukoo liandike kama linavyotamkwa kwa lugha yenyewe.

Majina ndiyo yatakayokusumbua kuliko kitu kingine. Mtu mmoja aliweza kuwa na jina la utotoni, jina alilotoka nalo jandoni, jina la ubatizo, na baadaye jina la mjomba aliyemrithi. Matola ni mfano mzuri. Yupo Matola wa kwanza, Myao aliyewapokea wamisionari Newala, na yupo mrithi wake wa jina hilohilo, ambaye mtaalamu Mjerumani Karl Weule alimkuta Chingulungulu mwaka 1906. Asiyejua kwamba jina hurithiwa atawafanya watu hao kuwa mtu mmoja mwenye umri wa ajabu. Kila unapoliona jina, andika na mwaka wake.

Ukishapata majina, nenda parokiani. Misheni ya Kianglikana, UMCA, ilifika Masasi mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaleta kutoka Zanzibar watu waliokombolewa utumwani. Daftari za ubatizo na ndoa hutaja wazazi, wadhamini na kijiji. Omba ruhusa kwa padri, usipige picha kwa mwanga wa flashi, na usiondoke na daftari. Tegemea mapengo: misheni ya Masasi ilivamiwa mwaka 1882, ikachomwa moto tena wakati wa vita vya Maji Maji mwaka 1905. Barua na taarifa zilizopelekwa Uingereza zilinusurika, na nyaraka za UMCA sasa ziko katika maktaba ya Bodleian, Oxford. Kwa wajukuu wa wale waliokombolewa, huenda daftari la ubatizo likawa ndiyo karatasi ya kwanza kabisa inayomtaja babu au bibi yao kwa jina. Lishikeni kwa heshima.

Kuna pia vitabu viwili vya kutafuta mapema. Weule alichapisha safari yake mwaka 1908, na tafsiri ya Kiingereza ya Alice Werner ikatoka mwaka 1909. Humo mna habari za koo za nyanda hizi, ingawa macho yake ni ya mtawala na mara nyingi anawadharau wenyeji. Bora zaidi, kwa maoni yangu, ni historia ya Wayao iliyoandikwa kwa Kiyao na padri wao wenyewe, Yohanna Abdallah wa Unangu, ikachapwa Zomba mwaka 1919.

Daftari za wilaya za Waingereza zina orodha za wakuu na simulizi za makabila. Uliza katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ukiwa na kitambulisho na barua ya utambulisho. Tafuta chini ya Jimbo la Kusini na Lindi, si Mtwara peke yake, kwa sababu mipaka imebadilika; Tandahimba na Nanyumbu hazikuwa wilaya wakati huo. Soma daftari hizi kwa uangalifu. Serikali ilikuwa ikitafuta nani wa kumpa madaraka, na mzee aliyehojiwa alijua jibu lake lingempa nini. Simulizi inayomfanya msimulizi kuwa mkuu wa wote ilinganishwe na ya ukoo wa jirani.

Katika daftari na simulizi hizi zimo pia habari za nani alinunuliwa na nani, na uzao wa nani ulitokana na mateka. Usizisambaze kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla ya kuwauliza wenyewe. Ziandike kwenye nakala ya familia inayohusika, wao waamue.

Ukimaliza, toa nakala tatu za karatasi: moja kwa mjomba, moja kwa dada mkubwa wa ukoo, moja kwenye maktaba ya shule au ofisi ya parokia. Usizilaze sakafuni wala kuziegemeza ukutani. Mchwa wa huku hawahitaji hata masika moja. Acha nafasi tupu chini ya kila jina la mwanamke, kwa ajili ya watoto wa binti zake.