Jik, Limao na Mawe ya Tangi la Samaki

Ndugu Mshauri,

Sebuleni kwangu nina tangi la samaki la lita 200. Nimefuga samaki wa Kigoma, wale wanaopenda kukaa kwenye mawe. Mawe yenyewe niliyaokota ufukweni Kunduchi, ya matumbawe makavu, yakiwa meupe pe. Haikupita miezi miwili yakawa ya kahawia, na mengine yameota utelezi wa kijani. Wageni wakija naona aibu, maana taa ya tangi naiwasha tangu asubuhi hadi tunapolala na kila kitu kinaonekana. Mke wangu anasema niyaloweke kwenye Jik. Shemeji anasema limao. Jirani anasema niyachemshe kwenye sufuria kubwa. Nifuate la nani? Halafu dada yangu ana goldfish, naye anataka nimgawie mawe machache.

Mwenye Tangi, Mbezi Beach, Dar es Salaam

Ndugu yangu Mwenye Tangi,

Kabla ya kuamua kati ya mkeo na shemeji, naomba uhakikishe kwamba hakuna atakayewapatanisha kwa kuchanganya ushauri wao ndani ya ndoo moja. Jik ikikutana na limao, siki au dawa yoyote yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huunguza macho, koo na mapafu. Watu hudhurika hivyo hivyo bafuni wakichanganya dawa za choo, na jiwe la matumbawe lina vitundu vingi vinavyohifadhi kilichotangulia. Ukichagua kimoja, kingine kiache kabisa.

Jirani naye mshukuru kwa nia njema, ila usichemshe. Maji yaliyojificha ndani ya jiwe yakigeuka mvuke bila njia ya kutokea, jiwe laweza kupasuka na kurusha vipande. Na kama lina matumbawe yaliyo hai, hatari inakuwa kubwa zaidi. Baadhi ya jamii zake zina sumu iitwayo palitoksini, ambayo huweza kusambaa hewani pamoja na mvuke. Mwaka 2018 huko Oxfordshire, Uingereza, familia moja na wazima moto waliokwenda kuisaidia waliishia hospitali baada ya matumbawe kutolewa kwenye tangi wakati wa kulisafisha. Hapo hata sufuria haikuhusika. Ya kwako ni makavu ya siku nyingi, lakini nalisema kwa ajili ya msomaji mwingine.

Limao la shemeji litaleta weupe kweli, tena upesi. Ila angalia linavyoleta. Jiwe la matumbawe ni chokaa, na asidi inalila jiwe lenyewe. Vile vipovu utakavyoviona ni jiwe linaloyeyuka, na weupe unaojitokeza ni tabaka jipya lenye mikwaruzo na vishimo vidogo, mahali pazuri zaidi kwa mwani kushika safari ijayo. Matone machache ya siki yanafaa kwa kazi nyingine, nayo ni kulipima jiwe usilolijua. Likitoa vipovu, ujue lina chokaa na litapandisha pH na ugumu wa maji. Pima pia zile kokoto nyeupe za bustani zinazouzwa barabarani, kwa sababu baadhi yake ni vipande vya marumaru.

Basi mkeo ndiye aliyekaribia. Jik inaua mwani na kuondoa rangi yake, mradi iwe ile ya kawaida isiyo na manukato wala sabuni. Toa jiwe, lisugue kwanza kwa brashi ya nailoni. Brashi ya waya iache, huacha vyuma ndani ya vitundu. Kisha kwenye ndoo ya plastiki, mahali penye hewa, changanya kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe tisa vya maji, vaa glavu, loweka hadi saa 24. Baada ya hapo ndipo wengi wanapoua samaki wao, kwa haraka. Klorini huharibu mashavu ambayo samaki anapumulia, na jiwe lenye vitundu haliachii klorini kwa kusuuzwa mara moja bombani. Suuza, loweka kwenye maji safi, badilisha, loweka tena ukiwa umetia ile dawa ya kuondoa klorini ambayo maduka ya samaki wa mapambo huuza kwa ajili ya maji ya bomba. Halafu lianike juani siku kadhaa, ukiligeuza. Jua la Dar linasaidia sana hapa, kwa kuwa mwanga wake huivunja dawa iliyobaki. Usiamini pua peke yake. Vile vikaratasi vya kupimia klorini kwenye mabwawa ya kuogelea vitakuambia kama maji uliyolowekea jiwe yako salama.

Wala usitoe mawe yote kwa pamoja. Juu yake wanaishi bakteria wanaogeuza amonia inayotoka kwenye kinyesi cha samaki kuwa nitriti, kisha nitreti isiyo na madhara makubwa. Jik haibagui, inawaua pamoja na mwani. Ukiyasafisha yote Jumamosi, katikati ya wiki unaweza kukuta samaki wanahema juu ya maji. Toa mawili, yakirudi subiri wiki kadhaa, ndipo utoe mengine. Na chujio usilisafishe wiki hiyo hiyo.

Sasa niseme lililo moyoni. Samaki wako hawana shida na hayo mawe. Ukizamia kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika karibu na Kigoma hutakuta jiwe jeupe. Mawe ya huko yamefunikwa mwani na wadudu wadogo wanaoishi ndani yake, na kuna samaki kama Tropheus ambao maisha yao ni kuyakwangua kutwa. Ukimwekea samaki wa namna hiyo jiwe lililotoka kwenye Jik, umemfagilia meza akiwa bado anakula. Tena samaki wengi wa huko wakikaa juu ya weupe mtupu hupauka ili wafanane na mahali walipo, nawe uliwanunua kwa rangi zao. Mimi ningeacha angalau nusu ya mawe yawe na rangi yake, niyatoe utelezi tu kwa brashi ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lile lile, na wageni wangezoea.

Hata ukiyang'arisha leo, yatarudi vile vile usipogusa chanzo. Ile rangi ya kahawia kwenye tangi changa mara nyingi ni daiatomu, viumbe wadogo wanaojengea ganda lao kwa silika iliyomo majini, na kwa kawaida hupungua wenyewe tangi likikomaa. Ule utelezi wa kijani umeuita wewe kwa taa. Saa sita hadi nane kwa siku zinatosha. Nunua swichi ya saa ya kuzima taa, kama kuna jua la dirishani livutie pazia, punguza chakula, na badilisha sehemu ya maji kila wiki.

Ukipata jiwe moja tu lenye doa sugu, huna haja ya Jik. Nenda famasia ukanunue haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, ipulizie kwenye jiwe likiwa nje ya tangi, ngoja dakika kumi, suuza. Hiyo huvunjika ikawa maji na oksijeni. Lakini doa la kutu, au rangi ya jiwe lenyewe, havitoki kwa Jik wala kwa peroksaidi.

Safari nyingine usiokote matumbawe, hasa ukivuka kwenda Mbudya au Bongoyo, ambako ni hifadhi ya bahari. Chokaa ya mawe yako inawafaa samaki wa Kigoma, kwa kuwa ziwa lao lina pH inayokaribia 9. Goldfish wa dada yako nao wataivumilia, ila mapezi yao ni laini, na wale wa macho yaliyotokeza huyagonga kwenye kila chenye ncha. Mchagulie yaliyosagika na bahari yakawa mviringo. Akibadili mawazo akafuga neoni, ambao hutaka maji laini, mwambie akurudishie hayo, atafute mawe ya granaiti.